Mwongozo kamili: Kupima udhibiti wa msongamano wa TCP kwa laptopu moja, hadi CUBIC na BBR zionekane tofauti

Mwanafunzi anaingia maabara na laptopu mkononi, anafungua grafu yenye mistari miwili, mmoja wa CUBIC na mwingine wa BBR, algoriti mbili ambazo TCP, itifaki inayobeba data nyingi za intaneti, hutumia kuamua itume kwa kasi gani, na mistari imelaliana. Anauliza kama amevumbua jambo jipya. Nimeiona grafu hiyo kutoka kwa vijana wa Kampala, wa Mbarara na wa Gulu, wa shahada ya kwanza na ya uzamili, na karibu kila mara kosa ni lilelile: hajui foleni yake iko wapi.

Wanaofahamu mpaka wa Malaba, kati ya Kenya na Uganda, wataelewa upesi. Malori yakija kwa kasi kuliko geti linavyoyapitisha, foleni inajengeka pale getini, si Eldoret wala Jinja. Ukitaka kujua madereva wanaitikiaje foleni, lazima ujue geti linapitisha malori mangapi kwa saa na yadi ya kusubiria inabeba mangapi. Kwenye mtandao, geti ni kiungo chembamba na yadi ni bafa. CUBIC ni dereva anayesonga mbele mpaka yadi ijae na lori moja lirudishwe, ndipo apunguze mwendo. BBR anakadiria kasi ya geti na urefu wa barabara ikiwa tupu, halafu anajaribu kutuma kiasi hicho tu. Tofauti yao inaonekana kwenye foleni, kwa hiyo bila foleni hakuna kitu cha kupima.

Mwongozo huu unakujengea geti na yadi ulizozipima mwenyewe. Ufuate kwa mpangilio, usiruke hatua ya 5.

## Vitu vya kuwa navyo

Laptopu yenye Ubuntu 22.04 au mpya zaidi, iwe imewekwa kwenye diski au ndani ya VirtualBox. RAM ya GB 4 inatosha. Uwe na ruhusa ya `sudo`, yaani ya msimamizi wa kompyuta.

Programu chache, ambazo utazipakua mara moja tu:

```
sudo apt install iperf3 ethtool python3-matplotlib
```

Kalamu na karatasi. Utavihitaji hatua ya kwanza kabisa.

Bando hulihitaji, na hilo ni jambo kubwa. Fanya hesabu: algoriti 2, ukubwa wa bafa 3, marudio 10, ni majaribio 60. Kila jaribio la dakika 2 kwa megabiti 10 kwa sekunde linakula takriban MB 150. Jumla ni GB 9. Kwenye mtandao wa simu hizo ni pesa za mwanafunzi zinazoteketea, na kesho yake utagundua ulikosea amri moja urudie zote. Hapa data yote inazunguka ndani ya kompyuta yako, hata intaneti ikiwa imekatika.

Mtandao wa chuo nao usiukimbilie. Unatumiwa na wenzako wanaopakua mihadhara, foleni zake huzioni, na mzigo wake wa saa nne asubuhi si wa saa nane usiku. Ukishamaliza hapa na bado unataka kupima njia halisi inayopita RENU, mtandao wa vyuo na utafiti wa Uganda, hadi nje ya nchi, nenda kwanza kwa msimamizi wa mtandao umwombe ruhusa.

## Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kugusa terminali

Tutatumia kiungo cha megabiti 10 kwa sekunde, na muda wa kwenda na kurudi wa milisekunde 40. Kasi hiyo nimeichagua kwa sababu hata laptopu ya zamani inaimudu bila prosesa kuchoka, na jaribio ambalo prosesa imechoka linapima prosesa. Milisekunde 40 ni umbali wa kati. Mwanga ndani ya nyuzi husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo Kampala hadi Mombasa, zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara, kwenda na kurudi haiwezi kupungua sana chini ya milisekunde 11. Seva ya Ulaya, inayofikiwa kwa kebo za baharini, kwa kawaida itakupa zaidi ya 100.

Sasa zidisha kasi kwa muda:

biti 10,000,000 × 0.04 = biti 400,000 = baiti 50,000

Hicho ndicho kiasi cha data kinachoweza kuwa njiani wakati barabara imejaa kabisa lakini yadi ni tupu. Kwa pakiti za baiti 1,514 ni pakiti 33. Kiite ujazo wa njia. Bafa zote tutazipima kwa kipimo hiki:

- nusu ya ujazo: baiti 25,000
- ujazo mmoja: baiti 50,000
- ujazo kumi: baiti 500,000

Halafu andika matarajio yako. Bafa ya baiti 50,000 kwa kasi ya megabiti 10 inachukua milisekunde 40 kumalizika. Basi ikijaa, muda wa kwenda na kurudi utafika 40 + 40 = 80. Bafa ya 500,000 ikijaa utafika 440. Kasi ya data halisi, ukiondoa vichwa vya pakiti, haitazidi megabiti 9.5 hivi.

Karatasi hiyo ibandike mbele yako. Mtu asiye na matarajio yaliyoandikwa hukubali namba yoyote kompyuta inayompa.

## Hatua ya 2: Jenga vyumba vitatu

Linux inakuruhusu kuigawa kompyuta moja kuwa vyumba vya mtandao, kila kimoja na kadi zake, anwani zake na njia zake. Tunataka vitatu: mtumaji, ruta na mpokeaji.

```
for n in mtumaji ruta mpokeaji; do sudo ip netns add $n; done
sudo ip link add a0 type veth peer name a1
sudo ip link add b1 type veth peer name b0
sudo ip link set a0 netns mtumaji
sudo ip link set a1 netns ruta
sudo ip link set b1 netns ruta
sudo ip link set b0 netns mpokeaji
sudo ip -n mtumaji addr add 10.0.1.2/24 dev a0
sudo ip -n ruta addr add 10.0.1.1/24 dev a1
sudo ip -n ruta addr add 10.0.2.1/24 dev b1
sudo ip -n mpokeaji addr add 10.0.2.2/24 dev b0
sudo ip -n mtumaji link set a0 up
sudo ip -n ruta link set a1 up
sudo ip -n ruta link set b1 up
sudo ip -n mpokeaji link set b0 up
sudo ip -n mtumaji route add default via 10.0.1.1
sudo ip -n mpokeaji route add default via 10.0.2.1
sudo ip netns exec ruta sysctl -w net.ipv4.ip_forward=1
```

Usiziandike moja moja kila siku. Ziweke kwenye faili `jenga.sh`, maana umeme ukikatika au kompyuta ikizimwa vyumba vyote vinatoweka.

Kwa nini vitatu badala ya viwili? Hapa ndipo wengi wanapopotelea. Dada mmoja wa mwaka wa mwisho aliketi nami jioni nzima na grafu yake ya mistari iliyolaliana. Algoriti zake zilikuwa sahihi, muda sahihi, kila kitu sahihi. Nikamwomba aandike `tc -s qdisc show` huku jaribio likiendelea. Skrini ikatoa mstari wenye `dropped 0`. Tukasubiri dakika nzima, tukaandika tena: `dropped 0`. CUBIC, inayoishi kwa kupoteza pakiti, haikuwa imepoteza hata moja.

Alikuwa ameweka kikomo cha kasi kwenye kadi ya mtumaji mwenyewe. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, ina kinga inayomzuia mtumaji asiijaze foleni ya kadi yake: data inabaki ikisubiri ndani ya soketi badala ya kusubiri njiani. Foleni haijengeki, muda wa kwenda na kurudi haupandi, pakiti hazipotei, na algoriti zote mbili zinaonekana wapole sawasawa. Upotevu wa kubuni nao una shida hiyohiyo: ukiuweka kwenye mashine ya mtumaji, taarifa ya kupotea humfikia TCP papo hapo, naye anatuma tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Kiungo chembamba kikae kwenye ruta. Alipokihamishia huko, mistari ikaachana kwenye jaribio la kwanza.

## Hatua ya 3: Zuia pakiti zisifungwe pamoja

```
sudo ip netns exec mtumaji ethtool -K a0 tso off gso off gro off
sudo ip netns exec ruta ethtool -K a1 tso off gso off gro off
sudo ip netns exec ruta ethtool -K b1 tso off gso off gro off
sudo ip netns exec mpokeaji ethtool -K b0 tso off gso off gro off
```

Ili kupunguza kazi, Linux hufunga pakiti nyingi kuwa furushi moja la hadi kilobaiti 64. Bafa yetu ni baiti 50,000. Furushi moja tu linaizidi, na upotevu utakaouona unaweza kuwa wa mafurushi, si wa pakiti. Amri zikipita bila ujumbe wa kosa, umefanikiwa.

## Hatua ya 4: Weka geti, yadi na umbali, kila kimoja mahali pake

Geti na yadi vinakaa upande wa ruta unaoelekea kwa mpokeaji. Amri ni `tc`; `tbf` ndiyo inayobana kasi, na `limit` ni ukubwa wa yadi kwa baiti:

```
sudo ip netns exec ruta tc qdisc add dev b1 root tbf rate 10mbit burst 10kb limit 50000
```

Umbali unakaa upande wa pili, ambako pakiti za uthibitisho zinarudi kwa mtumaji. Hapa `netem` ndiyo inayochelewesha pakiti:

```
sudo ip netns exec ruta tc qdisc add dev a1 root netem delay 40ms limit 10000
```

Nimeitenganisha kwa makusudi. Ukiweka kasi na ucheleweshaji kwenye `netem` moja, pakiti zilizo "safarini" na pakiti zilizo "kwenye foleni" zinahesabiwa kwenye kikomo kimoja, na hutajua tena bafa yako ni ya ukubwa gani.

Maonyo manne, na yote nimeyaona yakiharibu kazi za watu:

`mbit` na `mbps` si kitu kimoja. Kwa `tc`, `10mbit` ni megabiti 10 kwa sekunde, lakini `10mbps` ni megabaiti 10 kwa sekunde, yaani mara nane zaidi. Kuna tasnifu zilizoandikwa juu ya kosa hili bila mwandishi kujua.

Kikomo cha kawaida cha `netem` ni pakiti 1,000. Usipoandika `limit` mwenyewe, na ukaitumia kama kiungo chembamba cha megabiti 10, umejipa yadi ya zaidi ya sekunde moja nzima. CUBIC itaijaza. Utashangaa kwa nini `ping` inarudi baada ya milisekunde elfu na ushee.

Upotevu uwe upande wa data. Anayeandika `loss 1%` kwenye `a1` anapoteza pakiti za uthibitisho, na hizo TCP haizijali sana, kwa sababu uthibitisho unaofuata unafunika uliopotea. Ukitaka kupima upotevu, ongeza ruta ya pili kati ya `b1` na mpokeaji, `netem` ikae huko.

Ukipata ujumbe kwamba aina ya qdisc (kanuni ya foleni, kama `tbf` au `netem`) haijulikani, kerneli yako haina moduli hiyo. Kwenye Ubuntu mara nyingi inatibiwa na:

```
sudo apt install linux-modules-extra-$(uname -r)
```

## Hatua ya 5: Jaribu barabara ikiwa haina TCP

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wenye haraka, kisha wanarudi kwayo baada ya wiki mbili.

Kwanza, barabara tupu:

```
sudo ip netns exec mtumaji ping -c 10 10.0.2.2
```

Jibu la kwanza litakuwa karibu milisekunde 80, kwa sababu kompyuta zinaulizana kwanza anwani za kadi na jibu hilo nalo linacheleweshwa. Yanayofuata yawe 40 na ushee. Ukipata 0.05, `netem` haikushika. Ukipata 80 kila mara, umeiweka mara mbili.

Pili, jaza yadi kwa nguvu. Fungua mpokeaji, kisha mwaga UDP, itifaki isiyojali msongamano, ya megabiti 12 kwenye geti la 10:

```
sudo ip netns exec mpokeaji iperf3 -s -D
sudo ip netns exec mtumaji iperf3 -u -b 12M -t 30 -c 10.0.2.2
```

Ikiendelea, fungua terminali nyingine na urudie `ping`. Sasa inapaswa kuonyesha karibu 80, na baadhi ya majibu yapotee. Kisha angalia yadi yenyewe:

```
sudo ip netns exec ruta tc -s qdisc show dev b1
```

Tafuta neno `backlog`. Likisoma baiti 49,000 na ushee na `33p`, tabasamu: hizo ni pakiti 33, ileile namba uliyoiandika kwenye karatasi kabla hujawasha kitu chochote. `dropped` nayo iwe inapanda kila ukiangalia. Sasa unajua foleni yako iko wapi, ni ndefu kiasi gani, na ikijaa nini hutokea. Vipimo hivi vikikataa, usiende hatua ya 6. Rudi ya 4.

## Hatua ya 6: Endesha TCP na kuirekodi

Pakia BBR, kisha iambie Linux isikumbuke majaribio yaliyopita:

```
sudo modprobe tcp_bbr
sudo ip netns exec mtumaji sysctl -w net.ipv4.tcp_no_metrics_save=1
```

Amri ya pili ina uzito. Kwa kawaida Linux huhifadhi ilichojifunza kuhusu mpokeaji fulani na kukitumia kwenye muunganisho unaofuata. Jaribio lako la pili linaanza likijua siri za la kwanza, na marudio kumi yanakuwa jaribio moja refu.

Anza kurekodi kwenye terminali ya kwanza:

```
sudo ip netns exec mtumaji sh -c 'while true; do date +%s.%N; ss -tin dst 10.0.2.2; sleep 0.1; done' > cubic-1.txt
```

Endesha kwenye ya pili:

```
sudo ip netns exec mtumaji iperf3 -c 10.0.2.2 -C cubic -t 120 -i 1 -J > cubic-1.json
```

Ikiisha, simamisha rekodi kwa Ctrl-C. Kisha badilisha `cubic` kuwa `bbr` kwenye amri na majina ya faili.

Kwa nini sekunde 0.1 na si sekunde moja? Kwa sababu jambo muhimu zaidi katika tabia ya BBR linadumu takriban sekunde 0.2. Anayepima kila sekunde analikosa, halafu anaandika kwamba halipo.

Onyo kwa atakayechambua faili la `ss`: `iperf3` hufungua miunganisho miwili, mmoja wa maagizo na mmoja wa data, na yote miwili inaonekana. Wa maagizo una `cwnd:10` isiyosogea tangu mwanzo hadi mwisho. Nimewahi kuletewa grafu nzuri sana, yenye rangi na maelezo, ya muunganisho wa maagizo. Chukua ule ambao `bytes_acked` yake inapanda.

Angalia pia kama maneno `rwnd_limited` au `sndbuf_limited` yanajitokeza kwa asilimia kubwa. Yakijitokeza, kinachomzuia mtumaji ni kumbukumbu ya soketi, na algoriti ya msongamano haina kauli hapo.

## Hatua ya 7: Soma ulichopata

Chora vitu vitatu juu ya mhimili mmoja wa muda: dirisha la msongamano (`cwnd`, idadi ya pakiti ambazo mtumaji anajiruhusu kuwa nazo njiani), muda wa kwenda na kurudi, na kasi. Grafu ya kasi peke yake ndiyo inayodanganya wengi, kwa sababu kwenye bafa ya ujazo mmoja algoriti zote mbili zitakupa karibu 9.5. Habari iko kwenye muda.

CUBIC, bafa ya baiti 50,000. Utaona meno ya msumeno. Njia inabeba pakiti 33 na yadi 33, kwa hiyo dirisha linapanda hadi karibu 66, pakiti inapotea, dirisha linashuka hadi asilimia 70 ya hapo, yaani 46, kisha linapanda tena. Jino jipya kila baada ya sekunde chache. Muda wa kwenda na kurudi unacheza kati ya 56 na 80. Linganisha na karatasi yako. Na kwa kuwa 46 bado ni zaidi ya 33, barabara haibaki tupu hata baada ya kupunguza, ndiyo sababu kasi haishuki.

CUBIC, bafa ya baiti 500,000. Kasi ileile, lakini muda unapanda kuelekea 440. Mtu anayepiga simu ya video kupitia kiungo hicho anamsikia mwenzake karibu nusu sekunde baadaye, ilhali mpakuaji wa faili hana habari. Hapa ndipo utafiti huu unapogusa maisha ya watu, maana ruta nyingi za nyumbani zina yadi kubwa kupita kiasi.

BBR ikiwa peke yake, bafa yoyote kati ya hizo mbili. Mwanzoni itaruka juu ikitafuta kasi ya geti, kisha itatulia na muda utabaki karibu na 40. Na karibu kila baada ya sekunde 10 utaona dirisha likianguka ghafla hadi pakiti 4 kwa takriban sekunde 0.2, kisha likarudi. Hiyo si hitilafu. Inaondoa pakiti zake barabarani makusudi ili ipime upya urefu wa barabara tupu. Ukiiona alama hiyo, unajua kwa hakika BBR ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi. Usipoiona, kagua kama amri yako ilishika au ulipima kwa hatua kubwa mno.

Ili kubadilisha bafa huhitaji kubomoa chochote:

```
sudo ip netns exec ruta tc qdisc change dev b1 root tbf rate 10mbit burst 10kb limit 500000
```

Wastani uhesabu kuanzia sekunde ya 10, lakini grafu ionyeshe tangu sekunde ya 0. Mwanzo una tabia yake na msomaji ana haki ya kuuona.

## Hatua ya 8: Ziweke barabara moja zishindane

Seva moja ya `iperf3` inahudumia jaribio moja kwa wakati mmoja. Fungua ya pili kwenye mlango mwingine:

```
sudo ip netns exec mpokeaji iperf3 -s -D -p 5202
```

Kisha endesha CUBIC kwenye 5201 na BBR kwenye 5202 kwa pamoja. Nusu ya marudio aanze mmoja, nusu aanze mwingine, la sivyo utapima faida ya kutangulia.

Usishangae mshindi akibadilika. Kwenye bafa ya nusu ujazo BBR itachukua sehemu kubwa, na pakiti zinazotumwa tena zitakuwa nyingi. Kwenye bafa ya ujazo kumi CUBIC ndiyo itakayolemea. Sababu iko kwenye hesabu: BBR ya toleo la kwanza inajiwekea mpaka wa takriban mara mbili ya ujazo wa njia, wakati CUBIC haina mpaka ila yadi. Yadi ikiwa ndogo, CUBIC inarudi nyuma kila pakiti inapopotea na BBR haitishiki. Yadi ikiwa kubwa, CUBIC inaijaza na BBR imefungwa na mpaka wake. Mwanafunzi anayeandika "BBR ni bora kuliko CUBIC" bila kutaja ukubwa wa bafa hajasema kitu.

Usawa uupime kwa fahirisi ya Jain: jumla ya kasi ikipigwa mraba, ugawe kwa idadi ya mikondo mara jumla ya miraba ya kila kasi. Wawili wakigawana sawa unapata 1. Mmoja akichukua vyote unapata 0.5. Mfano, 7.0 na 2.5: jumla 9.5, mraba wake 90.25, gawa kwa 2 × 55.25, unapata 0.82. Namba hiyo inasikika nzuri, ilhali mmoja anakula karibu mara tatu ya mwenzake. Kwa hiyo andika na kasi zenyewe kando yake.

## Hatua ya 9: Rudia, andika, bomoa

Rudia kila mpangilio mara 10 angalau, ukipishanisha CUBIC na BBR badala ya kumaliza moja kwanza. Toa namba ya kati na mtawanyiko. Majaribio 60 ya dakika 2 ni saa 2. Yaache yaendeshwe na skripti, betri ikiwa imejaa.

Kwenye ripoti andika toleo la kerneli (`uname -r`), amri zote za `tc` neno kwa neno, ukubwa wa bafa kwa baiti na kwa ujazo wa njia. Andika pia kwamba BBR uliyotumia ni ile inayokuja na kerneli yako, kwa sababu Google, iliyoitengeneza, imeendelea na matoleo mengine na matokeo hayafanani.

Kisha bomoa kila kitu:

```
sudo pkill iperf3
for n in mtumaji ruta mpokeaji; do sudo ip netns del $n; done
```

Mpe mwenzako faili lako la `jenga.sh` na skripti ya majaribio, bila maelezo ya mdomo, aendeshe kwenye laptopu yake. Kaa pembeni usiguse kibodi. Dirisha la CUBIC likipanda hadi karibu 66 na kuanguka 46 kwenye skrini yake pia, peleka sura hiyo ya tasnifu kwa msimamizi wako.